Nzi wa mistari miwili

Leo nimeshinda kwenye hadubini nikichambua nzi. Kwa macho matupu wote ni wa kijivu na wote wanafanana. Chini ya lenzi unaanza kwa kuwageuza kifudifudi ili uone kifua kwa juu. Nzi wa nyumbani, Musca domestica, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, ana mistari minne myembamba. Ndugu yake Musca sorbens, aliyepewa jina na Wiedemann mwaka 1830, ana mistari miwili minene. Ukishazoea, huhitaji hata kuhesabu.

Huyu wa mistari miwili ndiye ninayemtafuta kila mara, kwa sababu ndiye anayeganda kwenye macho ya watoto. Anafuata tongotongo na makamasi, na wengi wao ni majike wanaohitaji protini ili mayai yakomae. Anapohama kutoka jicho hadi jicho anaweza kubeba vimelea vya vikope (trakoma), ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha. Dodoma tunaujua ugonjwa huo vizuri. Utafiti wa kuosha watoto nyuso uliofanywa Kongwa, mkoani hapa, na kuchapishwa mwaka 1995 ulisomwa dunia nzima.

Bibi mmoja kijijini aliwahi kuniuliza, nikiwa nimeinamia wavu wangu, "Mjukuu wangu, sasa hawa si ndio wanaozaliwa chooni? Mnatuambia tuchimbe vyoo vya nini?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Nikamwambia, "Hapana bibi, hawa wanazaliwa kule vichakani, kwenye kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi." Nilikuwa na ushahidi: Gambia watafiti walitega nzi kwenye vyoo vya shimo, wakapata wa aina nyingine, lakini sorbens hakuwemo. Mabuu wake wanaweza kukua kwenye kinyesi cha ng'ombe au mbwa, ila cha binadamu ndicho kinachotoa nzi wengi na wenye maumbo makubwa. Jaribio jingine la hukohuko Gambia, lililochapishwa mwaka 2004, lilionyesha kwamba vijiji vilivyojengewa vyoo vilipungukiwa na nzi wa machoni kwa asilimia 30. Kunyunyiza dawa kulipunguza kwa asilimia 88, lakini dawa inataka kurudiwa, choo kinabaki.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "nzi ni nzi". Anayehesabu nzi wote kwa pamoja anaweza kukilaumu choo kwa kosa la kichaka.

Ugumu wenyewe unaanza baada ya mistari. Mwaka 1970 watafiti Paterson na Norris walionyesha kwamba hapa Afrika jina sorbens lilikuwa limefunika spishi mbili zinazoishi pamoja, ya pili ikiwa Musca biseta, na kwamba nzi wa vichakani wa Australia, Musca vetustissima, ni wa tatu. Zote zina mistari miwili. Kinachosaidia kuzitenganisha ni upana wa paji la uso la dume, ile nafasi kati ya jicho na jicho, ukilinganishwa na upana wa kichwa kizima. Nimepima leo hadi shingo ikauma: unanyoosha kichwa kitazame mbele sawasawa, maana kikiinama kidogo tu kipimo kinakudanganya.

Sasa fikiria: kipimo ni cha dume, na nzi wa machoni wengi ni majike. Mimi naona orodha ya majike watupu iandikwe "kundi la sorbens" na ikomee hapo. Anayetaka jina kamili amlee jike akiwa hai, kila mmoja kwenye chombo chake, atage, mabuu wale na kukua, kisha asubiri wana wa kiume watoke. Kwenye joto ni kama siku tisa au kumi tu. Kwenye rafu yangu vyombo vimefunikwa kwa chandarua na mayai yameshaonekana katika viwili. Majina nitayaandika madume wakitoka.