Kijitabu cha mapishi: fonti imepatikana

Fonti ya kijitabu changu cha mapishi ya pwani ni Charter, na sibadilishi tena.

Nilitaka herufi itakayovumilia duka la fotokopi, maana najua kitabu hiki kitatolewa kopi juu ya kopi. Fonti zenye mistari myembamba huchoka mapema: e hufumba, h hukatika shingo. Charter ilichorwa kwa shida kama hiyo. Matthew Carter, mbunifu wa herufi Mwingereza, aliitoa mwaka 1987 kwa kampuni ya Bitstream ya Marekani, zama ambazo printa za leza za maofisini zilichapa nukta 300 kwa inchi na faksi zilikuwa hafifu zaidi. Akapunguza mikunjo, akazikata kwa pembe kavu serifu, yaani vile viguu vidogo vya mwisho wa mistari ya herufi. Mwaka 1992 Bitstream iliruhusu mitindo yake minne ya msingi itumike bure, ndiyo maana nami ninayo.

Pamoja na uimara huo, ina joto. Asili yake inarudi kwa herufi za Mfaransa Pierre-Simon Fournier wa karne ya 18, na a yake ina tumbo lililojaa. Kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ukurasa wa Kiswahili ni a tupu. Tazama "mahamri ya nazi", "kaanga dagaa", "wali wa maharage". A ikiwa dhaifu, ukurasa mzima unapauka. Hapa mistari inasimama imara, na jicho linapita bila kukwama.

Wiki hii nimeshughulikia alama ya ng'. "Kaanga vitunguu hadi ving'ae" inahitaji kile kialama kilichopinda kama 9. Kilichonyooka kama msumari nimekiondoa kitabu kizima. Cha Charter ni kinene, kopi haikimezi.

Ukurasa ni A5, na vitenzi vyetu ni virefu. Nilipoipanga mistari iishe sawasawa pande zote mbili, "zitakapochemka" iliacha mapengo mstarini, kwa hiyo upande wa kulia nimeuacha huru. Neno likibidi kukatwa, nakata baada ya irabu tu: zitaka-pochemka. Maandishi ni pointi 11, na mistari nimeipa nafasi ya kutosha, kwa kuwa mpishi husoma akiwa amesimama, kitabu kikiwa pembeni ya jiko.

Ukurasa wa samaki wa kupaka nimeutoa kopi, kisha kopi ya kopi. Maneno yote yanasomeka. Kilichoanza kufifia ni tarakimu ndogo za ½ na ¼, basi naandika "nusu kikombe" na "robo kijiko" kwa maneno, kama tunavyosema jikoni. Sura ya samaki nimeshairekebisha. Ya mikate naianza kesho.