Siku Tulipotoa Oili ya Trekta Tudor

Mwaka 2006, nilipokuwa nikijifunza ufundi kwa ami yangu, tuliitwa Tudor, Mombasa, kutoa oili ya haidroliki katika trekta ya Massey Ferguson 135 iliyokuwa ikivuta boti kutoka majini. Mikono yake ya nyuma ilikuwa ikipanda kwa kusitasita, na pampu ilikuwa ikilia. Mwenye trekta, hata hivyo, alikuwa na jambo la kujivunia: oili haikupungua hata kidogo, na kila alipochomoa kijiti cha kupimia aliikuta imepita alama. Ami alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa upole, "Bwana, hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Trekta hiyo haina tangi la peke yake la haidroliki. Oili inayolainisha gia na difu (gia za ekseli ya nyuma) ndiyo hiyo hiyo inayosukumwa na pampu ili kunyanyua mikono, kwa hiyo anayefungua nati ya chini asitarajie kiasi kidogo kama cha injini, bali yapata lita 30. Nimeona gereji nyingi ambazo ardhi yake imekuwa nyeusi kwa sababu fundi aliingiza karai dogo chini ya trekta akitumaini kwamba angewahi kulibadilisha. Pale Tudor uwanja uliinamia upande wa hori, na mikoko ilianza hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Mwaka uliotangulia, meli ya mafuta ilikuwa imetoboka Kilindini na mafuta yake yakaenea hadi kwenye mikoko ya Port Reitz. Tuliyaona wenyewe, na ami hakutaka hata tone la kazi yake lielekee majini.

Tulianza jioni, nayo kazi ya jioni hiyo ilikuwa kuisukuma trekta mahali palipo sawa, kuiwekea mawe magurudumuni na kuiacha. Nilipouliza kwa nini tusifungue saa ile ile, ami alisema, "Iache itulie, mwanangu. Kama mna maji, yatashuka chini yenyewe." Chombo chake kilikuwa pipa la lita 200 lililokatwa hadi likabaki kitako chenye kimo cha shubiri moja: kifupi kiasi cha kupita chini ya difu, na kipana kiasi cha kupokea oili yote bila kubadilishwa. Pembezoni alimwaga vumbi la mbao alilolichukua kwa maseremala, kabla hakijamwagika chochote.

Asubuhi alipangusa udongo wote kuzunguka nati, akailegeza kwa spana, kisha akaendelea kuizungusha kwa vidole huku akiisukuma juu. Ustadi wote umo hapo, kwa sababu nati inayosukumwa juu haivujishi hadi uzi wake wa mwisho, na fundi ndiye anayeamua ni lini mkono uondoke. Aliiachia upenyo mdogo tu, na kilichotoka kwanza hakikuwa oili. Kilikuwa maji yenye rangi ya kutu, tukayakinga katika ndoo ya pembeni. Oili ilipoanza kufuata, alikaza nati, akawasha injini kwa muda mfupi ili oili ipate joto na iwe nyepesi, akaishusha mikono ya nyuma hadi chini ili iliyobaki katika silinda irudi, ndipo akazima.

Mara ya pili aliitoa nati kabisa. Oili iliruka mbele kwa nguvu, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, na kadiri ilivyopungua ndivyo mkondo ulivyorudi nyuma, nasi tukalisogeza pipa kidogo kidogo kuufuata. Wengi hudhani hatari imekwisha mkondo unapokuwa mwembamba, kumbe hapo ndipo uchafu unapoanza. Kusi ilikuwa ikivuma, na uzi ule wa oili ulipinda hadi ukagusa ukingo wa pipa. Ami aliegemeza kipande cha bati upande wa upepo, kisha akafunga kamba ya katani kwenye tundu la nati ili matone yaifuate kamba hadi ndani ya pipa, badala ya kutambaa chini ya difu na kudondokea yatakako.

Pipa lililojaa hakuliburuta. Tuliichota oili kwa kopo, tukaipitisha katika faneli yenye kitambaa hadi ndani ya mitungi ya lita 20. Mtungi wa pili ulikaribia kujaa, mbali na maji ya ndoo, na hesabu hiyo ndiyo iliyomwonyesha mwenye trekta kilichokuwa kikipandisha kijiti chake. Laiti tungeiacha imwagike mchangani, tusingekuwa na cha kupima wala cha kumwonyesha. Maji ya bahari yalikuwa yakipenya katika sili (mipira ya kuzuia uvujaji) za ekseli zilizokwisha, kila trekta iliporudishwa nyuma hadi magurudumu yakazama kumfuata mwenye boti.

Ami alibadilisha sili, akasafisha chujio, akajaza oili mpya hadi kwenye alama na si zaidi. Oili chafu aliichukua mnunuzi, ila mtungi wenye maji mengi aliukataa, nasi tukauweka kando ukiwa umefunikwa hadi maji yalipojitenga. Mwenye trekta alinunua kamba ndefu siku hiyo hiyo, na tangu hapo boti zilivutwa trekta ikiwa imesimama pakavu.