Sichezi kamari, naendesha meli yenye deni la miaka 40

Jumapili mama alinipigia kutoka Muheza, sauti imemkauka. Hakuuliza kazi, hakuuliza baridi. "Mwanangu, ni kweli unacheza kamari? Tena peke yako, usiku?"

Yalianza hivi. Wiki moja nyuma, ndugu mmoja tunayesali naye ibada ya Kiswahili hapa Peoria, Illinois, alipita kwangu kuazima waya za kushtulia betri. Akakuta dadu mbili mezani, karatasi zimetapakaa, na mimi najisomea kwa sauti niliyoandika. Hakuuliza kitu. Alichukua waya, akashukuru, akaenda zake. Usiku ule akaandika kwenye kundi la Watanzania kwamba tumwombee fulani, upweke umempanda kichwani, anarusha dadu na kuongea mwenyewe. Ikashuka mikono ya sala, mmoja baada ya mwingine, nikahesabu mpaka nikaacha. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza, "Vipi, uko salama?" Habari ikavuka bahari ikamfikia mama yangu ikiwa imeshageuka kamari.

Ndugu yangu, kama unasoma hapa, umeniumiza. Waya zangu pia bado unazo.

Sasa nieleze mwenyewe, nisielezewe. Ule mchezo unaitwa Traveller. Aliutunga Marc Miller, na ulitoka mwaka 1977 kwa kampuni ya Game Designers' Workshop ya mji wa Normal, humuhumu Illinois, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka kwangu. Ni vitabu vitatu vidogo vyeusi ndani ya boksi. Unamtunga mtu, unampa maisha, unampeleka kwenye nyota za mbali, na kila lenye shaka unaamua kwa dadu mbili za kawaida, kama hizi za ludo. Kwa kawaida wanakaa watu wanne au watano na mmoja wao anakuwa mwamuzi. Lakini kitabu chenyewe, tangu toleo la kwanza, kinasema mtu anaweza kucheza peke yake. Hakuna senti inayowekwa mezani.

Niliupata kwa mzee niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, zamu ya usiku. Miezi ya mwanzo hakuwa ananiita jina, alikuwa ananyoosha kidole tu. Kisha ukaja usiku wa theluji, wa kunipokea asubuhi akashindwa kufika, nikakaa pale saa 16 mfululizo. Alfajiri mzee akaniambia nifungue kabati, rafu ya chini. Akanifundisha kumtunga mtu wangu wa kwanza. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo yeye akawa anasema, mimi narusha. Unaanza na umri wa miaka 18, unachagua kazi, na kila miaka minne unarusha kuona kama umepona. Nilichagua skauti, yaani mpelelezi wa nyota, ambaye hana budi kupata 7 kwenda juu. Nikapata 4. Mtu wangu akafa kabla safari haijaanza. Nilidhani nimekosea. Mzee akasema, "Rusha tena, ndivyo ulivyo."

Alipokuwa anahamishiwa kwenye makao ya wazee akanipa boksi lote. Nilimwomba aandike kwa mkono wake kwamba amenipa, maana wenzangu wa kazi hii mnajua tunavyoshukiwa wizi. Ile karatasi iko mpaka leo chini ya vitabu. Mistari miwili imechukua ukurasa mzima, herufi zinapanda na kushuka, na sahihi imetoka nje ya karatasi kidogo, mahali kalamu ilipoteleza. Miaka yangu minne hapa nimepewa vyeti vya mfanyakazi bora viwili. Siviweki pamoja na hiyo karatasi.

Nahodha wangu wa sasa anaitwa Mwanaidi. Ametumikia meli za biashara vipindi vitano, yaani miaka 20, akatoka na miaka 38, nguvu zimeshapungua pointi moja kwa sababu ukifika 34 kitabu kinaanza kukudai umri. Kiinua mgongo chake ni meli, nimeiita Zigi kwa jina la mto wetu. Mtu wa nyumbani atasema ana bahati huyo, kapewa meli. Ngoja usikie. Meli ya namna hiyo, tani 200, ni krediti milioni 37.08, krediti ndiyo pesa ya humo mchezoni. Yeye hakudaiwa kianzio, lakini marejesho yote yanamsubiri. Kila mwezi analipa moja ya 240 ya bei, yaani krediti 154,500, kwa miezi 480. Miaka 40! Mtu aliyenunua mwenyewe, akaweka na kianzio chake cha asilimia 20, akimaliza amelipa mara mbili na zaidi ya bei ya meli. Niliposoma hesabu hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kuitazama gari yangu.

Hapa niseme na wewe unayeniandikia kila wiki kuuliza "bro nipe njia". Njia tutaongea. Ila ukifika usikimbilie gari ya mkopo mwezi wa kwanza kwa sababu kila mtu analo. Huna historia ya kukopa, kwa hiyo wanakupa riba ya mtu wasiyemwamini. Mimi nilisaini miezi 72 kwa asilimia 19, nacheka, nimeshika funguo, napigwa picha ya kutuma nyumbani. Wa Bongo mnaijua kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali, ile inakuja na pikipiki na kelele. Hii ya huku inakuja kimya, tarehe 5, kwenye akaunti, na wewe uko zamu unamgeuza mgonjwa. Panda basi kwanza. Kaa na wenzako watatu chumba kimoja kwanza.

Turudi. Nikicheza peke yangu mwamuzi ni dadu na daftari. Nina kauntabuku ya kwaya tatu. Naandika swali: je, ofisa wa bandari atakubali karatasi za Mwanaidi? Nikipata 8 kwenda juu, amekubali. Naongeza moja kwa sababu Mwanaidi anajua mambo ya ofisi. Ikikataa sibadilishi. Dunia zenyewe nazitunga kwa kurusha: bandari, ukubwa, hewa, maji, watu, serikali, ukali wa sheria, ufundi. Nimeshachora dunia 37, nimezipa majina ya kwetu. Amani hewa yake ni sumu, lazima barakoa. Pongwe sheria ni kali hata kisu hushuki nacho. Dadu nazirusha ndani ya sinia lililotandikwa kipande cha kanga ya mama, kwa sababu jirani wa chini aliwahi kugonga dari kwa fagio. Kwenye kile kipande maandishi yamekatika, limebaki neno HAUOZI, na dadu ikisimama juu ya O siisomi vizuri, nalazimika kuinama.

Jambo lililonishika kuliko yote ni abiria. Nafasi nzuri ni krediti 10,000, ya kawaida 8,000. Halafu kuna nafasi ya 1,000: wanakugandisha usingizini kama samaki, ukifika wanakuamsha. Nahodha anarusha kwa kila mmoja. Akipata 5 kwenda juu ameamka. Chini ya hapo, hakuamka. Ukipiga hesabu ni kama mmoja katika sita, isipokuwa meli iwe na tabibu mzuri. Mwezi wa pili nilipakia tisa. Nane waliamka. Wa tisa nilipata 3. Hakuwa na jina hata, ni tarakimu tu kitabuni, lakini sikuweza kulala. Nikampa jina, nikampa kwao, nikaandika barua ambayo Mwanaidi anawapelekea ndugu zake. Wenzangu mliochangia msafara wa mwili wa yule kijana wetu mwaka juzi, tukapitisha bakuli wiki tatu, mnaelewa kwa nini.

Na barua yenyewe haifiki haraka. Katika Traveller hakuna simu ya nyota kwa nyota. Meli ikiruka inakaa wiki nzima gizani, na habari inasafiri ndani ya meli hiyohiyo, mkononi mwa mtu. Baba alipofariki mimi nilipata habari dakika ileile, video ikanionyesha mpaka watu wanavyobeba jeneza, na makaratasi yangu hayakuniruhusu kwenda. Nimewaza sana usiku, kipi ni afadhali. Ningeletewa na mtu aliyekaa wiki gizani na habari ile, akashuka, akanikalisha chini, nadhani ningelia vizuri zaidi.

Haya yote nilimweleza mama kwenye simu, saa nzima na robo. Alikuwa kimya nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Na huyo tabibu wa meli, analipwa?" Nikamwambia analipwa 2,000 kwa mwezi. Akasema ni ndogo.

Jana amepiga tena mwenyewe. Salamu fupi, halafu: "Mwanaidi amelipa?" Nikamwambia ana 148,000, amepungukiwa 6,500, na mwenye deni ametuma mtu bandarini. Nimepanga arushe 8 aongezewe muda.

"Rusha basi nisikie."

Nikaiweka simu kando ya sinia, nikarusha. Kwenye kanga hazina mlio, kwa hiyo alingoja.

"Ngapi?"

"Sita, mama."

Akavuta pumzi. "Basi asimjibu kwa ukali. Amkaribishe ndani, ampikie kwanza."

Nimeliandika hilo kwenye daftari. Leo nikitoka zamu narusha tena, naongeza moja kwa ajili ya chakula.