Kizibo cha Juu

Gari lilipofika kwetu, kizibo kilishaliwa kona zote. Kilikuwa cha spana namba 24, ubavuni mwa gia boksi ya Hilux, kile cha juu cha kujazia oili. Huko lilikotoka walikishika kwa spana malaya, ilipoteleza wakaleta paipu renchi, wakakiacha duara chenye alama za meno. Mwenye gari alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa viazi kutoka Mafinga. Gia ya tatu ilikwaruza kila ikiingia, naye usiku uleule alitaka kuteremka na mzigo kwenye mteremko mkali wa Kitonga.

Wakati huo nilikuwa najifunza ufundi kwa mzee mmoja katika gereji moja ya Ipogoro, Iringa. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi, kuosha vifaa na kutazama.

Mama alipoona muda unakwenda akauliza, "Fundi, si mfungue cha chini kwanza, oili iwe inachuruzika?"

"Mama, cha chini sikigusi," mzee akajibu kutoka chini ya gari. "Nikimwaga halafu hiki kikagoma, mpya nitaipitishia wapi? Bora uondoke na oili chafu kuliko ulale hapa na gia boksi kavu."

Nimefanya kazi na mafundi wengi baada ya yule mzee, na bado naona wanaoanza na cha chini kwa sababu ndicho chepesi. Inaniuma kila mara.

Alinituma dizeli na brashi ya waya, nikasugua mpaka chuma kikang'aa. Akakipunguza kizibo kwa tupa, akapigilia soketi ndogo zaidi ya kona sita. Ya kona kumi na mbili aliiweka kando: hiyo hushika kwenye ncha, na ncha zilishakwisha. Ya kona sita hubana kwenye ubapa. Ilishika kidogo, ikateleza. Tindo hakutaka hata kuisikia, maana gamba la gia boksi ni aluminiamu, na nyundo moja ikienda kombo linapasuka.

Ikabaki kuchomelea. Kwanza alichomoa nyaya zote mbili za betri. Akaniambia nifute kila tone la oili pale, niweke ndoo ya mchanga karibu. Waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea akaubana kwenye gamba lenyewe, jirani kabisa na kizibo, ili umeme usizunguke kupitia beringi za ndani. Kisha akaweka nati kubwa juu ya kizibo na kuijaza moto katikati ya tundu lake.

Nilinyoosha mkono kuchukua spana. Akanizuia. "Subiri, mwanangu. Kikipata moto kinavimba. Kikipoa kinasinyaa, hapo ndipo kinaachia."

Tulisubiri mpaka wekundu ukaisha na moshi ukakatika. Akaingiza spana ya ringi kwenye nati, akavuta polepole, bila bomba la kuongezea nguvu. Kikalia "kwaa!", kikakubali. Akakirudisha kidogo, akakilegeza tena, akakirudisha, mpaka kikatoka kwa vidole. Nikamulika ndani ya tundu: nyuzi za aluminiamu zilikuwa salama zote.

Ndipo akafungua cha chini, kikatoka bila ubishi. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na juani ilimetameta chembe za shaba za ringi za sinkro, zile zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Kwenye sumaku ya kizibo kulikuwa na ujiuji wa chuma. Mzee aliusugua kati ya vidole akitafuta kipande cha jino la gia. Ulikuwa laini mtupu. Akamwita mama aje ashike mwenyewe.

Nilikwenda dukani kuchukua kizibo kipya na washa zake. Tukajaza oili kwa mpira na faneli mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, tukafunga.

"Gia ya tatu itakwaruza bado kidogo ikiwa baridi," mzee akamwambia. "Ringi zimelika, oili haizirudishi. Kitonga shuka na ya pili, na ukirudi Mafinga uje tuifungue."

Mama akalipa, akapanda gari.

Alirudi kweli, tukaishusha gia boksi. Safari hiyo vizibo vyote viwili nilifungua mimi, nikianza na cha juu.