Mpaka Sledge, Kumtafuta Charley Pride

Kanda ya kwanza ya Charley Pride, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kuingia nyumbani kwetu Molo haikuwa na picha. Baba aliirekodisha Nakuru, kwenye kibanda kimoja karibu na stendi ya matatu, ambako ulikuwa unaacha orodha ya nyimbo asubuhi na kuchukua kanda jioni. Kijana wa pale aliandika juu yake kwa bairo nyekundu: CHARLE PRAID. Ndiyo tuliyokulia. Jumamosi baba akirudi kupeleka maziwa, redio ya betri sita inawekwa dirishani, na sauti ile nzito, isiyo na haraka, inafika mpaka zizini. Mimi nilikuwa nimeshamchora kichwani: mzungu mrefu, kofia pana, farasi, na uso wa yule setla aliyewahi kumwajiri babu.

Krismasi ya 1988 mjomba akaja kutoka Nairobi na santuri. Kwenye jalada, mtu mweusi anatabasamu. Baba aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akasema, "Hawa wamekosea picha."

Mpaka leo tukitaka kumchokoza mzee tunamwambia hivyo.

Sasa naishi Dallas, na hapo ndipo pana aibu yangu. Charley Pride naye aliishi Dallas, tangu 1969. Miaka yote ile tulikuwa tukinyeshewa na mvua moja, nami nikijiambia iko siku nitakwenda kumsikiliza. Tarehe 12 Desemba 2020 nilikuwa zamu ya usiku, nikihudumia wazee, simu ikaleta habari kwamba amefariki kwa korona, humuhumu mjini, akiwa na miaka 86. Mwezi mmoja tu kabla, tarehe 11 Novemba, alikuwa Nashville kwenye tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri, akipewa tuzo ya heshima ya maisha yake yote katika muziki, na akaimba jukwaani na mwimbaji kijana Jimmie Allen. Niliitazama video ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Kwa hiyo Oktoba mwaka jana, nilipopata siku nne za mapumziko, nilipanda ndege hadi Memphis kwa binamu yangu, dereva wa malori ya masafa marefu. Wageni wake wote huomba wapelekwe Graceland kwa Elvis. Mimi nikamwambia nataka Sledge, Mississippi.

"Sledge kuna nini?"

"Kuna bango la Charley Pride."

Alinyamaza kidogo. "Mafuta unaweka wewe," akasema.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Ukitoka Memphis kuelekea kusini, barabara ya 61 inakuingiza Delta, tambarare ya pamba ya Mississippi, na vilima vinakwisha kabisa. Mtu wa Molo anapata kizunguzungu, hakuna mahali pa kuegemeza macho. Tukaiacha 61 tukashika barabara ya 3, nyembamba, mashamba pande zote. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Mashine kubwa kama nyumba inapita, kisha inadondosha nyuma robota la duara lililofungwa plastiki ya manjano. Kandokando ya lami nyuzi nyeupe zimetapakaa kama manyoya ya kuku siku ya sikukuu.

Nilimwomba asimame. Pamba yenyewe ni laini, kila mtu anajua. Nilichokuwa sikijui ni ganda. Likipasuka linakauka, ncha zake zinakuwa miiba, na ukivuta kwa haraka linakuchana pembeni mwa ukucha. Nilichuma vitumba vitatu, cha tatu kikanitoa damu. "Hiyo ni mali ya mtu," binamu akaniita kutoka garini, "na hapa ni Mississippi. Rudi ndani."

Katika udongo huo ndipo Charley Pride alipozaliwa, tarehe 18 Machi 1934, mmoja wa watoto 11. Wazazi wake walilima pamba kwenye ardhi ya mtu mwingine wakigawana naye mavuno. Baba yake, Mack, alikuwa na redio ya Philco, na Jumamosi usiku aliifungulia Grand Ole Opry, kipindi cha muziki wa kantri kutoka Nashville. Habari hiyo niliisoma zamani, lakini pale kando ya shamba nilimwona mzee wangu waziwazi na betri zake sita. Halafu kuna hili la jina. Mack alitaka mtoto aitwe Charl. Aliyeandika cheti akaongeza herufi, ikabaki Charley. Yaani yule kijana wa Nakuru na karani wa Mississippi ni watu wa ukoo mmoja.

Sledge yenyewe inapita upesi. Wakazi hawafiki 600. Bango tulilipata, limesimama peke yake, nami nikalisoma lote kwa sauti huku binamu akipiga picha, nyingi zikiwa na kidole chake. Mzee mmoja akapita na pikapu, akatupungia mkono bila kupunguza mwendo. Dakika ishirini, tukawa tumemaliza.

Kesho yake tukaenda Nashville, kilomita 340 hivi kutoka Memphis, nami nikawa na muda wa kumchosha binamu kwa hadithi. Alizozipenda ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Charley alianza kama mchezaji wa besiboli, mrushaji, katika ligi za watu weusi enzi za ubaguzi, na timu moja ikamtoa yeye na mwenzake kwa timu nyingine ili ipate basi kuukuu. Binamu, mtu wa magari, akauliza kama basi lenyewe lilikuwa zima.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nimpende mtu huyu zaidi ya nyimbo zake. Alikuwa amehamia Montana, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini na kuimba jioni. Chet Atkins, mpiga gitaa na mkubwa wa kampuni ya santuri ya RCA mjini Nashville, akamsajili 1965. Mwaka uliofuata wakatoa santuri yake ya kwanza, wakaipeleka kwenye vituo vya redio bila picha. Kwa makusudi. Watangazaji wakapiga, wasikilizaji wakapenda, kila mmoja akiwa amejichorea mzungu wake. Kwenye onyesho moja kubwa Detroit, jina likatajwa, watu wakapiga makofi; akatokea, makofi yakafifia mpaka ukimya. Akautania weusi wake kwamba ni rangi ya jua isiyobanduka, watu wakacheka, akaanza kuimba.

Kwa hiyo baba yangu hakuwa mjinga peke yake. Marekani nzima ilirekodishiwa kanda isiyo na picha.

Hesabu ya tuzo naijua kama wengine wanavyojua mabao ya timu zao. 1971, Mtumbuizaji Bora wa Mwaka wa CMA, tuzo ambayo mpaka naandika haya hakuna mwanamuziki mweusi mwingine aliyeipata. Mwimbaji Bora wa Kiume mwaka huohuo, na tena 1972. Grammy tatu. Nyimbo 29 zilizofika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard. Wapo wanaosema alipewa kwa sababu ya kuwa tofauti. Hao sidhani wamewahi kumsikiliza wakiwa wamefumba macho, na ndivyo alivyosikilizwa kwanza.

Ryman, ukumbi wa zamani wa Opry, tulipita haraka. Mabenchi yake ni ya kanisa, ya mbao, na mgongo hauyasahau. Alipanda jukwaa lile Januari 1967. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika kwenye Jumba la Watu Mashuhuri wa Muziki wa Kantri, lenye madirisha kama vibonye vya piano. Mwishoni kabisa mwa ziara kuna chumba cha duara, kimya, mabamba ya shaba yamepangwa ukutani, kila moja na sura ya mtu na maneno machache. Lake limo tangu 2000. Nilisimama mbele yake nikakosa cha kufanya, kwa hiyo nikafanya anachofanya kila mtu: nikatoa simu. Nikapiga picha ukuta mzima, nikamtumia baba.

Molo ilikuwa imeshaingia usiku. Alama mbili za buluu zikatokea, kisha kimya kirefu, nikajua anavuta picha kwa vidole viwili huku miwani ikiwa kwenye paji. Hatimaye akapiga mwenyewe.

"Huyu nimemwona. Sasa yule mzungu, Jim Reeves, ni yupi hapa?"

"Si atakuwa ukutani humo humo, mzee. Tazama vizuri."

"Nitamjuaje? Wote ni weusi."