Kuba la Capitol ni chuma, si mawe

Watu wetu wa Kisumu na Nakuru wakifika Washington hupiga picha mbele ya Capitol, jengo la Bunge la Marekani, wakiamini lile kuba jeupe ni la mawe. Ni chuma cha kusubu, takriban tani 4,000, kilichopakwa rangi kifanane na kuta.

Kuba la awali lilikuwa la mbao, likafunikwa shaba nyekundu. Moto wa Desemba 1851 ulipoteketeza maktaba ya Bunge humo humo ndani, mbao zikaogopwa. Jengo nalo lilikuwa likiongezwa mabawa makubwa, kuba likabaki kama kofia ya mtoto. Msanifu Thomas U. Walter akachora la chuma, kazi ikaanza 1855. Sanamu ya juu ilipandishwa tarehe 2 Desemba 1863. Miongoni mwa walioisubu alikuwa Philip Reid, mtumwa. Kwa Jumapili 33 alilipwa dola 41.25, ujira wa siku nyingine sita za wiki ulikwenda kwa bwana wake. Jina lake lafaa kutajwa kila tunapoitazama.

Adui wa kuba ni maji. Mvua hupenya kwenye viungo, chuma kikashika kutu, kutu ikavimba na kupasua. Ukarabati wa 2014 hadi 2016 ulikuta nyufa zaidi ya 1,300. Kwa nini hazikuchomelewa tu? Fundi wa soko la Kibuye, Kisumu, aliyewahi kuletewa mguu uliopasuka wa cherehani ya zamani, nao ni chuma cha kusubu, anajua: palipopata moto hutanuka, pakipoa hujikaza, na ufa mpya huzuka kando ya ule wa kwanza. Kwa hiyo chuma kilishonwa. Matundu hutobolewa kwa kekee kuukingama ufa, vikapachikwa vipande vya chuma vya kuubana. Kisha skrubu hupangwa kuufuata ufa wenyewe, kila moja ikiila ubavu jirani yake, na juu husawazishwa.

Ziara ni bure. Mlango uko chini ya ardhi, upande wa mashariki. Chakula na vinywaji haviingii, hata maji. Kama kwenu ni Kitale, ulizia nguzo sita za msanifu Latrobe upande wa Seneti, zilizochongwa 1809 na kunusurika moto wa Waingereza wa 1814. Mwili wa nguzo ni mabua yaliyofungwa pamoja, na juu yake magunzi ya mahindi, maganda yamefunuliwa nusu, punje zimejipanga safu kwa safu.