Nyimbo zitangulie, bendi ifuate

Tabora, Jumapili

Bendi ya vijana ikipanda kwa kasi, watu huanza kutafuta nani yuko nyuma yao. Wiki hii nimekuwa nikiwafikiria Arctic Monkeys wa Sheffield, Uingereza. Walianza mwaka 2002: vijana wanne, magitaa mawili, besi na dramu. Kwenye maonyesho yao waligawa bure CD walizorekodi nyimbo zao. Mashabiki wakazikopi na kuziweka kwenye intaneti, ikawa wakipanda jukwaani ukumbi mzima unaimba nao. Juni 2005 wakasaini na Domino, lebo huru, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki. Oktoba singo yao ikashika namba 1 Uingereza, na Januari 2006 albamu ya kwanza ikauza nakala zaidi ya 360,000 katika wiki moja. Walioinunua wiki ile, wengi wao walikuwa wanazijua nyimbo zamani.

Kwa mji huu si jambo geni. Bendi zetu za zamani, Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz pia, zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na kiitikio kikafika vijiji ambavyo basi la bendi halijawahi kukanyaga. Leo simu imechukua nafasi ya redio. Tofauti ni kwamba redio ilikuwa na mafundi mitambo, na kwenye simu fundi ni wewe mwenyewe. Hapo ndipo bendi nyingi za vijana huku Ng'ambo na Isevya zinapokwama: wanapiga vizuri, lakini wanachosambaza hakisikiki.

Chumba cha tofali na mabati kinarudisha sauti vibaya. Tundikeni mablanketi mazito kwenye kuta mbili zinazopakana, tandikeni mkeka chini ya dramu. Simu ikae mita 2 au 3 kutoka kwenye amplifaya, usawa wa kifua, na isiwekwe kwenye kona, kwa sababu besi hujikusanya konani na kufunika kila kitu. Punguzeni sauti za magitaa mpaka mwimbaji asikike bila kupiga kelele. Dramu haipunguzwi kwa kitufe, basi dramu ndiyo kipimo cha wengine. Rekodini dakika moja, sikilizeni, sogezeni vitu, rudieni. Mvua ikianza kugonga bati, acheni, ni vigumu programu kuitoa sauti ile bila kuharibu muziki.

Kosa jingine limo kwenye upangaji wa magitaa. Wapigaji wawili wakishika kodi (noti zinazopigwa pamoja) ileile mahali palepale, sauti inakuwa uji. Mpiga rithim, yaani gitaa la kusindikiza, abaki kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) za chini, mpiga solo apande kuanzia freti ya 7 na acheze pale mwimbaji anaponyamaza. Wazee wa muziki wa dansi walilijua hili vizuri sana. Sikilizeni jinsi chemko lao, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, lilivyo na magitaa matatu na bado kila moja unalisikia peke yake.

Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde linachukua karibu megabaiti 1 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 hauli bando la mtu. Kwenye WhatsApp litumeni kama dokumenti, likiwa na jina la bendi na la wimbo. Watu wanasambaza faili lisilo na jina, kisha wanaomba wimbo ule kwa bendi nyingine. Kabla ya kusambaza, sajilini kikundi BASATA, baraza la sanaa, na nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Jukwaani, nyuzi mpya zifungwe siku moja kabla: zungusheni mara 2 au 3 kwenye kikazio, vuteni taratibu, tyuni tena mpaka zitulie. Ule uzi mwembamba wa kwanza ndio hukatika mara nyingi, kwa hiyo wekeni wa akiba wengi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa yetu ni kavu, mbao hunywea na ncha za freti hutokeza pembeni mwa shingo na kukwaruza kiganja. Gitaa lisilopigwa likae ndani ya begi. Spika za waimbaji ziwe mbele ya mikrofoni, zikitazama watu, vinginevyo miluzi haiishi. Na hili nalisema kwa msisitizo: kama amplifaya haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, anayeshika nyuzi akigusa mikrofoni kwa midomo anaweza kupigwa shoti mbaya. Umeme wote utoke kwenye chanzo kimoja chenye ethi inayofanya kazi, uwe wa TANESCO au wa jenereta.

Fedha ndizo zinazovunja bendi inayopanda, na huvunja upesi. Tuseme watu 150 wameingia kwa shilingi 3,000: ni 450,000. Toeni ukumbi na vyombo 200,000, usafiri 45,000, nyuzi 25,000. Zinabaki 180,000. Wanamuziki watano, na bendi yenyewe ihesabiwe kuwa mtu wa sita: kila fungu 30,000. Fungu la bendi lisiguswe na mtu. Mgao wa nyimbo uandikwe siku wimbo unapokamilika, nani katunga maneno, nani katunga muziki, na wote wasaini. Wimbo ukishavuma kila mtu anakumbuka kwamba ni yeye aliyeleta ule mstari mtamu.

Arctic Monkeys wenyewe walipata pigo mapema. Katikati ya 2006, miezi michache tu baada ya albamu ile, mpiga besi wao Andy Nicholson hakwenda ziara ya Marekani kwa uchovu, na muda mfupi baadaye akawa nje ya bendi. Nick O'Malley akaingia, ziara ikaendelea. Kwa hiyo rekodini besi ya kila wimbo peke yake, andikeni kodi kwenye daftari, na mpiga rithim ajifunze kupiga besi ya angalau nyimbo 6 za kufungulia dansi.